Muda wa ziada huliwa na nini

Ukimwambia mtu kwamba unapanga mitihani ya wanafunzi wenye ulemavu, swali lake la kwanza ni lile lile: wanaongezewa dakika ngapi? Wakuu wa idara huuliza hivyo. Wazazi huuliza hivyo. Wanafunzi wenzao nao huuliza, kwa sauti ya mtu anayeshuku kwamba kuna anayependelewa. Mimi nafundisha takwimu katika tawi la chuo kikuu hapa Malindi, kwenye jengo la kukodi kando ya Barabara ya Lamu, na kwa muda niliofanya kazi hii nimeona kwamba dakika ndizo rahisi kutoa kuliko vyote. Kikao cha idara huzipitisha bila ubishi. Taabu ni kuzilinda, maana zina walaji wengi.

Niliwaona walaji hao wote kwa pamoja siku niliyopangwa kusimamia mtihani wa somo lisilo langu. Mtahiniwa alikuwa kijana wa Mambrui asiyeona, aliyesoma Likoni kwenye shule ya wasioona, kisha sekondari ya Thika, mwepesi wa kompyuta kuliko sisi tuliomsimamia. Mtihani wa saa mbili, yeye kapewa saa mbili na nusu, chumba cha peke yake, na laptopu yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti. Kwenye karatasi ya idara mambo yote yalikuwa sawa. Tukafungua flashi. Maswali yalikuwa yameskaniwa, yaani ni picha ya maandishi wala si maandishi, na programu ya kusoma skrini ikikutana na picha hunyamaza kimya. Mtu akakimbia ofisini kutafuta faili la asili. Likapatikana, likaletwa, likafunguka. Robo saa ishakwenda. Feni ya dari ilikuwa ikigonga kila inapozunguka, basi kijana akawa anarudia kila sentensi mara mbili tatu ndipo aisikie. Zilipotimia saa mbili ukumbi mkubwa ukafunguliwa, wanafunzi wakamiminika nje na kuja kusimama chini ya dirisha letu hasa, wakibishana juu ya jibu la swali la nne. Mimi nikatoka kuwafukuza. Niliporudi nilimkuta mtu mlangoni na fungu la funguo, ameambiwa chumba kinatakiwa kwa mtihani unaofuata.

Kijana alikunja fimbo yake akaniambia, "Mwalimu, mtihani ujao wasinipe nusu saa. Wanipe faili linalosomeka na chumba kisicho na feni ya kugonga. Nusu saa yao wabaki nayo."

Alisema kwa kucheka, lakini ile ndiyo ikawa orodha yangu ya kazi.

Sheria haina kigugumizi katika jambo hili. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu, kutumia lugha ya ishara, breili au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa, na kupata vifaa vya kumwezesha. Kabla yake, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikwishazitaka taasisi za elimu kuzingatia mahitaji ya wanafunzi hao katika mambo kadhaa, na mitihani ilitajwa humo kwa jina lake. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya. Lakini sheria haimwambii karani wa mitihani chumba kipi kina feni mbovu.

Wenzetu wa Marekani walianza mapema, kwa sheria ya 1973 na kisha ile ya 1990 wanayoiita ADA, na vyuo vyao vimezoea mtindo mmoja: mwanafunzi anapeleka vyeti vyake kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia ulemavu, ofisi inaamua, na mhadhiri anapokea barua inayotaja marekebisho tu, mathalani muda mara moja na nusu, chumba kitulivu, ruhusa ya kutumia kompyuta, bila kutaja maradhi. Ni mtindo mzuri. Sisi hapa tawini ofisi kama hiyo hatuna. Iko makao makuu, na makao makuu ni mbali. Kwetu ofisi ni mimi, ni mkuu wa wanafunzi ambaye hafiki kila siku, na ni karani wa mitihani ambaye, Mungu amzidishie, ndiye pekee anayejua kila ufunguo uliko.

Kwa hiyo huanza mapema. Wiki ya kwanza ya muhula nalitangazia darasa zima kwamba yeyote mwenye jambo la kumzuia kufanya mtihani kama wengine, la kuonekana au lisiloonekana, aje tuonane. Nasema "jambo" kusudi, kwa sababu ukisema "ulemavu" peke yake watakuja wale wawili watatu ambao ungewaona hata usingetangaza. Wenye kifafa hawaji. Wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, hawaji. Baadhi huja wiki ya kumi na mbili, siku mbili kabla ya mtihani, na wakati huo karatasi imekwishachapwa na kufungwa kwenye bahasha. Mapema haina mbadala, hasa kwa breili: ukurasa mmoja wa chapa hugeuka kurasa mbili au tatu za nukta, lazima mtu ausome kwa vidole kuhakiki, na ukigundua kosa asubuhi ya mtihani huwezi kulirekebisha kwa kalamu. Isitoshe anayegeuza karatasi kuwa breili ataiona kabla ya siku yake, kwa hiyo naye lazima aandikwe kwenye orodha ya waliokula kiapo cha siri, sawa na mchapaji.

Tena usidhani kila asiyeona anasoma breili. Aliyepoteza macho ukubwani mara nyingi hajui hata herufi moja yake. Wako wanaotegemea sauti tu. Kwa hao programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA imetuokoa, kwa kuwa ni ya bure. Vijana wawili wa Australia wasioona waliianzisha mwaka 2006, na mwanafunzi anaweza kuiweka kwenye laptopu kuukuu kabisa. Sharti ni moja, faili liwe la maandishi, na majedwali yawe majedwali ya kweli, si nafasi zilizopigwa kwa kidole mpaka namba zikaonekana zimepangana. Macho yanaona safu. Programu inasoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia na kuzimwaga namba zote kama mchanga.

Wanafunzi wetu wengi wametoka kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ambako KNEC, baraza la mitihani la taifa, huwatayarishia karatasi za breili na za maandishi makubwa na kuwaongezea muda. Wakija chuoni hudhani mambo yatakuwa vivyo hivyo, na aliye mnyamavu hukaa kimya akisubiri yatokee yenyewe.

Jambo lililonifundisha zaidi ya yote ni majaribio ya kati ya muhula. Kwetu yana alama 30, na mtihani wa mwisho una 70. Zamani marekebisho yote yalikuwa ya mtihani wa mwisho; majaribio yalifanywa kienyeji darasani, na mwenye ulemavu alijikuna alipofika. Nimeyageuza. Jaribio la kwanza ndilo ninalolitumia kupimia vifaa: kila kitakachotumika mwisho wa muhula kitumike siku hiyo, chumba kile kile, laptopu ile ile, msaidizi yule yule. Nakaa na daftari. Naandika saa aliyoanza swali la kwanza, saa aliyomaliza, na wapi alikwama kwa sababu ya somo na wapi alikwama kwa sababu ya kifaa. Baada ya hapo sina haja ya kubahatisha dakika. Kijana wa Mambrui, kwenye maswali ya maelezo, hakuhitaji nyongeza yoyote. Anasikiliza kwa kasi ambayo mimi sielewi hata neno. Kwenye jedwali la namba alihitaji karibu maradufu. Sasa kanuni ya kuongeza robo ya muda kwa kila somo inamfaa nani hapo? Ni kanuni ya kumrahisishia anayejaza fomu.

Grafu zilitaka fikra nyingine. Swali la "chora histogramu" huwezi kumpa asiyeona, na kumwondolea swali ni kumwondolea sehemu ya somo. Nikajiuliza alama zile nane nilikuwa nazitoa kwa nini hasa. Nilipozichambua, moja tu ilikuwa ya unadhifu wa rula. Nyingine zote zilikuwa za kuchagua mipaka ya makundi, kuhesabu marudio, kuamua urefu wa kila nguzo, na kusema umbo linaegemea wapi. Haya yote anaweza kuyaandika. Na pale anapotakiwa kuisoma grafu, tunamtengenezea kwa uzi na gundi juu ya manila ngumu, mihimili kwa uzi mnene na mstari kwa uzi mwembamba. Gundi ya kawaida kwa unyevu wa hapa pwani haikauki usiku mmoja, basi huandaliwa siku kadhaa mbele. Muhimu kuliko gundi ni hili: mwongozo wa kusahihisha uandikwe pamoja na swali mbadala na upite idarani kabla ya mtihani. Ukiuandika baada ya kuona jibu lake, hata uwe mwadilifu namna gani, utakuwa unamtungia mtu mmoja sheria.

Nije kwa waandishi wasaidizi, maana hapa ndipo penye mambo.

Nina mwanafunzi wa Lamu mwenye mtindio wa ubongo. Kichwa chake ni wembe. Mkono wake wa kulia haushiki kalamu zaidi ya mistari michache, na ulimi wake unavuta maneno, kwa hiyo asiyemzoea hudhani hajui anachokisema. Mamake alinipigia simu kabla hata hajaripoti. "Mwanangu yuwaweza, Mwalimu," alisema. "Mkono ndio mzito." Akataka kujua nani atakayemwandikia. Nikamwambia, "Mama, tutampata mtu." Akajibu kwa adabu iliyonibana zaidi ya ukali: "Nami nataka kumjua mtu huyo kabla hajawa mtu wowote tu."

Alikuwa na haki. Mwandishi msaidizi asiwe mwanafunzi wa somo hilo, kwa sababu atasaidia hata asipotaka; jicho lake litasita penye kosa na mtahiniwa atausikia ule mkato. Asiwe pia mtu asiyejua somo kabisa. Kwa somo la historia au fasihi tatizo hili ni dogo, mradi ajue kuandika majina. Kwa takwimu ni balaa. Tazama: mwanafunzi anasema "jumla ya eksi mraba". Je, kila namba iinuliwe kwenye mraba kisha zijumlishwe, au zijumlishwe kwanza ndipo jumla iinuliwe? Chukua 2, 3 na 4. Ukianza na mraba unapata 4, 9 na 16, jumla 29. Ukianza na jumla unapata 9, na mraba wake ni 81. Fomula ya mchepuko sanifu, kipimo cha namba zilivyotawanyika, ina vitu hivi viwili ndani yake, kimoja kinatolewa kwenye kingine, na mwandishi akivichanganya mstari wa pili, kila kitakachofuata ni upotevu. Msahihishaji akiona karatasi atasema mtoto hajui. Mtoto anajua; aliyekosea ni kalamu ya mtu mwingine.

Ikabidi tutunge lugha ya imla. Kila mabano yanatamkwa yanapofunguka na yanapofungwa. "Fungua mabano, jumla ya eksi, funga mabano, mraba." Kila sehemu, "juu" na "chini" vinatajwa, na sehemu ikiisha inasemwa imeisha. Mwandishi akimaliza mstari anausoma kwa sauti, kama ulivyo, bila kupandisha sauti mwishoni, kwa kuwa sauti ikipanda inageuka swali na swali ni dokezo. Mtahiniwa anasema "sawa" au "futa". Hakuna neno jingine. Karatasi hii ya kanuni ni nusu ukurasa, imebandikwa mezani, na msimamizi anayo nakala ili ajue kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa. Walifanya mazoezi jioni kadhaa kwa maswali ya miaka ya nyuma hadi mwandishi akayazoea matamshi yake. Mwandishi wetu ni mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari ya karibu, mtu mtulivu, na sifa yake kubwa ni kwamba anaweza kuandika kosa la wazi bila uso kubadilika. Si kila mwalimu anaweza. Wengi wetu kalamu inajisahihisha yenyewe.

Na alipwe. Nimesikia hoja idarani kwamba kazi hii ni ya thawabu. Thawabu ipo kwa Mungu, lakini mwalimu huyo anakuja kwa tuktuk kutoka Maweni na kuacha vipindi vyake vya ziada. Muhula ambao malipo yalichelewa, tulimtafuta mwandishi mpya wiki ya mwisho, na mazoezi yote yakaanza upya. Huyo naye ni mlaji wa muda, ingawa hukaa ofisi ya fedha wala hakanyagi chumba cha mtihani.

Kwa imla kama hii, saa mbili huhitaji kuwa saa tatu. Nililisema hilo idarani nikiwa na daftari la jaribio la kati mkononi, wakakubali. Lakini saa tatu za kusema mfululizo zinamchosha mtu ambaye kila neno kwake ni kazi ya misuli. Ndipo nilipotenganisha vitu viwili vinavyowekwa kapu moja, yaani muda wa ziada na mapumziko. Muda wa ziada ni wa kufanyia kazi. Mapumziko ni saa kusimamishwa: karatasi inafunikwa, msimamizi anaandika dakika, mtu ananywa maji au anajinyoosha, kisha saa inaendelea ilipoachia.

Tofauti hiyo iliwafaa wengine ambao sikuwa nimewafikiria. Hapa Kilifi selimundu si jambo la nadra. Mwenye selimundu anaweza kuandika kwa kasi sawa na wenzake, hana haja ya robo wala nusu. Anachohitaji ni kunywa maji kila mara, kwenda haja bila kuangaliwa kama mwizi, kukaa mbali na kipoza hewa kinachompulizia baridi mgongoni, na kusimama maumivu yakianza. Mpe mapumziko yasiyohesabiwa na chupa yake ya maji, umemaliza. Mwenye kisukari ni hivyo hivyo, pamoja na ruhusa ya kitu cha kutafuna. Wala haya hayataki fedha.

Wenye ualbino nao. Kwao tulikuwa tukikuza karatasi kwa fotokopi kutoka A4 hadi A3, jambo linalokuza herufi ya ukubwa wa 12 hadi karibu 17. Inasomeka, lakini karatasi inakuwa kubwa kuliko dawati, na mtahiniwa anaikunjakunja asubuhi nzima. Siku hizi tunapiga chapa upya kwa herufi 18 kwenye karatasi ya kawaida, na kumweka mbali na madirisha ya upande wa bahari, kwa sababu mwanga wa saa nne hapa Malindi hauna msamaha hata kwa wenye macho mazima.

Mwenye kiti cha magurudumu tulimhudumia kwa kuteremsha darasa zima ghorofa ya chini. Hilo halina hadithi.

Kwa kiziwi, dakika hazikuwa tatizo kabisa. Tulikuwa na binti aliyesoma Kibarani, shule ya viziwi iliyoko Kilifi, na mkalimani wake wa Lugha ya Ishara ya Kenya alikaa mbele yake, mahali anapoweza kumwona bila kugeuza shingo. Shida ilikuwa matangazo. Hakuna mtihani usio na sahihisho: katikati ya ukimya mhadhiri huingia na kusema, "Swali la tatu, sehemu ya pili, badala ya 45 someni 54." Ukumbi mzima unaandika. Binti, kama mkalimani ametoka kidogo, hana habari. Na walio vyumba vya pembeni hawana habari vilevile, wawe wanasikia au hawasikii. Nimeweka kanuni kwamba sahihisho halitangazwi mpaka liwe limeandikwa ubaoni, na mtu mwenye nakala awe ameshaanza kuelekea kila chumba. Wasimamizi walilalamika kwamba linachelewesha. Linachelewesha, ndiyo. Matokeo yake ni kwamba wahadhiri wameanza kuzihakiki karatasi zao nyumbani.

Ratiba ndiyo mlaji mkubwa. Ukiongeza saa moja mwishoni, unaigonga zamu inayofuata, unawagonga wasimamizi wenye njaa, na siku ya Ijumaa unaigonga swala. Mtihani wa saa nne hadi saa sita, ukiongeza saa nzima, unafika saa saba kamili, msikitini khutba i karibu kuanza, mtahiniwa anataka kwenda na msimamizi anataka kwenda. Wote wawili watamaliza haraka haraka. Dawa tuliyoipata ni kuongeza muda mwanzoni. Mwenye nyongeza anaanza saa tatu, wenzake saa nne, wote wanamaliza saa sita. Hakuna umati chini ya dirisha, hakuna wa funguo. Usalama unalindwa kwa sharti moja: anayetangulia haachi chumba wala hashiki simu mpaka ukumbi mkubwa uwe umekwishaanza na mlango wake umefungwa kwa waliochelewa. Wapo waliosema ni kumnyanyasa kwa kumwamsha mapema. Nilimuuliza mwenyewe. Alisema anaamka alfajiri hata hivyo.

Kumuuliza mwenyewe ndiko kulikonionyesha pia kwamba watu wawili wanaweza kutaka ratiba zinazopingana. Kijana wa Mambrui anataka mitihani itawanywe, asifanye miwili siku moja, kwa kuwa sauti ya mashine masikioni kwa saa nyingi humtia kichwa kuuma. Kwake ni karibu. Anavuka mto Sabaki kwa matatu na kurudi. Yule wa Lamu anataka mitihani yake ifuatane, hata ikibana. Kutoka mtaani kwao, ambako vichochoro havipitishi gari, hubebwa hadi gatini, mashua mpaka Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen. Kila usiku anaolala Malindi unalipiwa, yeye na nduguye anayemsindikiza. Ningefuata kanuni moja ya "siku moja ya kupumzika kati ya mitihani" ningekuwa nimemsaidia mmoja na kumfilisi mwingine.

Kuna orodha niliyoikuta ubaoni nilipoanza kazi hii: majina, namba za usajili, chumba, na safu ya mwisho imeandikwa aina ya ulemavu. Mtu yeyote aliyepita kwenda kunywa chai aliweza kujua nani ana kifafa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na hata isingekuwapo sheria, kwenye mji huu ambapo kifafa bado kinasemwa vibaya, binti anaweza kukosa mchumba kwa safu moja ya jedwali. Safu ile imeondolewa. Siku hizi orodha ina namba na chumba, basi, na chumba cha pembeni kimo mle pamoja na vingine. Msimamizi anapata kijikaratasi chenye marekebisho tu: anaanza saa fulani, saa inasimama anapoomba, anatumia laptopu. Wasimamizi wengine hawakupenda. "Mwalimu, nitamsaidiaje bila kujua ana nini?" aliniuliza mmoja, mama mwenye huruma nyingi, ambaye huwa anamzunguka mtahiniwa akimwambia pole mwanangu, jikaze mwanangu, wataka maji mwanangu? Nilimjibu kwamba asimsaidie, amsimamie. Hakufurahi, lakini sasa anakaa kitini.

Wale wanaoshuku upendeleo sikuwajibu kwa hotuba. Niliipunguza karatasi yangu. Ilikuwa na maswali matano ya lazima kwa saa mbili, na ukweli ni kwamba hata wenye mikono na macho kamili walikuwa wakiandika mbio dakika za mwisho. Nilikuwa napima kasi katika somo ambalo kasi si lengo lake. Nikayafanya manne, nikaondoa hesabu ndefu zinazojirudia, nikabakiza zile zinazoonyesha kama mtu ameelewa. Wengi sasa humaliza kabla ya muda. Aliyekuwa akihitaji saa nzima ya ziada anahitaji kidogo kuliko hapo, na wawili waliokuwa kwenye orodha yangu kwa ajili ya kuandika polepole waliomba wenyewe kuondolewa.

Mtahini wa nje, anayezikagua karatasi zetu, hakuridhika. Aliandika kuuliza kwa nini uzito wa karatasi umeshuka. Nilimpelekea jedwali linaloonyesha kila lengo la somo na swali linalolipima, la zamani na jipya, sambamba. Ameikubali karatasi ya mwaka wa kwanza. Ya mwaka wa pili ameirudisha, anataka swali la tano, na kikao cha idara kimeamua irudi ilivyokuwa mpaka mwaka wa masomo uishe. Kwa hiyo muhula huu nina zote mbili: moja ya maswali manne ambayo kijana wa Lamu ameombewa nusu saa, na nyingine ya matano ambayo ameombewa saa nzima, kuanzia saa tatu asubuhi, chumba cha mwisho kulia, feni imetengenezwa.